Bei ya Upya: Kompyuta za Mezani za Highrise, Kibera na Kawangware

Hesabu za saiba, duka la intaneti na kuchapisha, huanzia kwenye karatasi. Ukurasa mmoja wa maandishi meusi huchapishwa kwa shilingi 10 katika saiba nyingi za Nyayo Highrise na Kibera, na ndani ya shilingi hizo 10 lazima zitoke karatasi, wino, stima, kodi ya chumba na posho ya kijana anayekaa kaunta. Kompyuta mpya ya mezani, yenye prosesa ya daraja la kati na sanduku ambalo halijafunguliwa, hupita shilingi 70,000 madukani mjini. Ile ya “ex-UK”, iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya kwa miaka mitano au zaidi, hupatikana pamoja na monita na kibodi yake kwa takribani 15,000 hadi 25,000. Tofauti ya shilingi 50,000 ni kurasa 5,000, na hapo hata rimu moja ya karatasi haijanunuliwa.

Kwa wapenda mitambo, swali la iwapo kompyuta mpya inastahili bei yake ni gumzo la jioni. Kwa mwenye saiba ni swali la kula au kulala njaa, na limekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Jibu lake limebadilika zaidi ya mara moja, na mara zote lilibadilishwa na mambo yaliyotokea mbali sana na mitaa hii.

Nyayo Highrise ni mtaa na pia ni wadi. Mtaa ni magorofa ya Shirika la Taifa la Nyumba, NHC, yaliyojengwa enzi za Rais Daniel arap Moi katika ukingo wa mashariki wa Kibera, karibu na Hospitali ya Mbagathi. Wadi ni mojawapo ya tano za eneo bunge la Lang’ata, tangu mipaka mipya ilipotumika katika uchaguzi wa 2013. Ukivuka kidogo uko eneo bunge la Kibra. Nyumba hizo zilisimama mahali ambapo watu maskini walikuwa wakiishi, lakini wengi walioingia ndani walikuwa watu wa mshahara: makarani, walimu, wauguzi, baadaye wanafunzi wa vyuo waliopanga kwa pamoja. Mpaka kati ya gorofa na bati ukawa mwendo wa dakika chache. Kwa biashara ya kompyuta mpaka huo ni mali, kwa sababu upande mmoja kuna watu wenye kazi za kutaipu na kuchapisha, na upande wa pili kuna vijana wanaotaka kujifunza kufanya kazi hizo. Kawangware, iliyo kaskazini-magharibi ndani ya Dagoretti Kaskazini, ina ujirani wa aina hiyo na Lavington.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na taipureta. Ofisi ndogo za kutaipu barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi zilikuwa zimejaa Nairobi, na mashine ya Olivetti iliyotunzwa vizuri ilimlisha karani kwa miaka mingi bila kudai programu mpya. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, ya chini kabisa iliuzwa dola 1,565 huko Marekani, bila monita. Nchini Kenya miaka hiyo kulikuwa na kodi nzito na ruhusa za kuagiza bidhaa na kupata fedha za kigeni, mambo yaliyolegezwa hasa kuanzia 1993. Kompyuta ilikuwa chombo cha benki, shirika la umma, ubalozi na chuo kikuu. Hakukuwa na soko la zilizotumika la kutajika, maana hazikuwapo za kutosha kutumika.

Na hata zingekuwapo, zisingefaa sana. Hili husahaulika na wale wanaosema kompyuta za zamani zilikuwa imara. Pentium ya kwanza ya Intel, iliyotoka 1993, ilikimbia kwa megahezi 60 au 66. Mwishoni mwa 2002 Pentium 4 ilikuwa imepita megahezi 3,000. Kasi ya saa ya prosesa iliongezeka mara 45 hivi katika miaka isiyofika kumi. Programu nazo zilikula kila kilichoongezwa: Windows 95 ilidai megabaiti nne za RAM kwa uchache, Windows XP ya 2001 ikadai 64. Mashine ya miaka minne wakati huo ilikuwa imekufa ingali hai. Inawaka, lakini haiwezi kuendesha kile ambacho mteja anakitaka. Katika kipindi hicho bei ya upya ilikuwa na maana kamili. Aliyelipa zaidi alinunua miaka, na aliyelipa kidogo alinunua miezi.

Ajabu ya historia ni kwamba huo ndio wakati ambao mitaa hii iliingia kwenye biashara, na iliingia kwa mashine zilizotumika.

Kilichoivuta ni intaneti. Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliokutana masomoni Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng’weno, ilianza kuuza huduma Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1998 shirika la serikali la posta na simu likafungua Jambonet, njia ya pamoja ya kutoka nje ya nchi ambayo kampuni zote zililazimika kupitia. Saiba zilianza katikati ya jiji zikitoza kwa dakika, tena bei ya kumfanya mtu aandike barua pepe yake kwanza kwenye karatasi. Kadiri zilivyoongezeka ndivyo bei ilivyoshuka, hadi shilingi moja kwa dakika ikawa bei ya kuandikwa kwa rangi ukutani. Saa nzima, shilingi 60. Kwa bei hiyo, mwenye saiba aliyenunua kompyuta kumi mpya angelipa deni lake akiwa amestaafu.

Mashine za bei nafuu zilitoka Uingereza kwa sababu ya desturi ya ofisi za huko. Kampuni kubwa, halmashauri na vyuo vilikodi au kununua kompyuta kwa mzunguko wa miaka mitatu hadi mitano, kisha vikazitoa zote kwa pamoja, ziwe nzima zisiwe nzima. Sheria za Ulaya kuhusu taka za elektroniki, zilizoanza kutumika kikamilifu Uingereza mwaka 2007, zikafanya kuzitupa kuwe na gharama na karatasi za kujaza. Kumpa mtu anayezitaka kukawa rahisi zaidi. Baadhi zilipitia mashirika ya hisani: Computer Aid International ya London ilisafisha diski na kupeleka mashine Afrika, na moja ya milango yake Kenya ilikuwa Computers for Schools Kenya, iliyoanzishwa 2002 chini ya Tom Musili, ambayo ilizifanyia matengenezo na kuzigawa mashuleni. Nyingi zaidi zilipitia kwa wafanyabiashara. Kontena lilifika Mombasa, likapanda Nairobi, na mizigo ikatawanyika Luthuli Avenue, Moi Avenue na madukani mwa Revlon Plaza. Kutoka hapo CPU ilisafiri hadi Kibera kwenye paja la abiria wa matatu.

CPU, katika lugha ya soko hilo, ni sanduku zima. Mnunuzi aliliinua kupima uzito, akalitikisa kidogo kusikia kama kuna skrubu iliyolegea, akatazama kibandiko cha leseni ya Windows ambayo mara nyingi haikuwa ile iliyowekwa ndani. Aliyewahi kuchagua nguo Toi, soko la mitumba lililo pembeni mwa Kibera, alijua tayari jinsi ya kufanya: fika mapema mzigo unapofunguliwa, chukua zile za juu kabla hazijaguswa na wengi, na usionyeshe uso kwamba umependa.

Hasara za ununuzi huo zilikuwa kubwa kuliko zinavyokumbukwa. Chukua OptiPlex ya Dell, jina lililotawala saiba pamoja na Compaq za HP. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell iliuza kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu kwenye bodi kuu, mambo yaliyokuja kujulikana kupitia nyaraka za kesi mahakamani Marekani. Ndani ya mashine hizo vimkebe vidogo vya alumini vilivimba kichwa na kuvuja. Ofisi ya Uingereza ilipiga simu, ikaletewa bodi nyingine chini ya dhamana. Aliyenunua mzigo wa namna hiyo baadaye Nairobi hakuwa na nambari ya kupiga. Alikuwa na fundi mwenye chuma cha kulehemia, kapasita za shilingi chache na jicho lililozoea kutambua uvimbe. Ujuzi wa mafundi wengi wa kompyuta wa mitaa hii ulitokana na kasoro za viwandani ambazo mteja wa kwanza alikuwa na haki ya kuzikataa.

Halafu kulikuwa na joto na stima. Pentium 4 na monita ya kioo kizito kwa pamoja zilikula wati 150 hadi 200. Tuseme 170, kwa saa 12, siku 26 za mwezi: uniti 53. Kwa bei za leo za karibu shilingi 25 kwa uniti, hizo ni shilingi 1,300 kwa kompyuta moja, yaani kurasa 130 zinazochapishwa kwa ajili ya Kenya Power peke yake. Kompyuta ndogo ya mezani ya siku hizi na monita yake nyembamba hufanya kazi hiyohiyo kwa wati 50 au pungufu, chini ya shilingi 400 kwa mwezi. Kwa mtu wa gorofani anayelipa kwa tokeni, hiyo ni sababu nzito ya kuachana na kitu kilichochakaa. Ila sehemu nyingi za Kibera watu wamelipia stima kwa mwezi, bei moja, kwa mtu aliyewavutia waya. Kwao uchu wa mashine haukugharimu chochote zaidi, na hoja ya kubana matumizi ya umeme haikuwa na mshiko.

Stima hiyo ilikuwa na hila nyingine. Ilipotea na kurudi kwa kishindo, na ikirudi iliunguza pawa saplai. Hapa ndipo hoja ya upya ilipoanguka vibaya zaidi. Dhamana ya kiwanda haifidii kitu kilichounguzwa na umeme wala kilichobebwa usiku kupitia bati la paa. Mtu aliyeweka shilingi 80,000 kwenye sanduku moja alikuwa ameweka hatari yote kwenye sanduku moja. Aliyenunua nne za ex-UK za aina moja alipopoteza moja alibaki na tatu, pamoja na RAM, diski, feni na mfuniko wa akiba. Mafundi walipenda mno ofisi za Ulaya kwa sababu zilinunua mashine zinazofanana kwa mamia. Kipuri cha moja ni kipuri cha zote.

Serikali za Afrika Mashariki ziliitazama biashara hiyo kwa macho tofauti. Bajeti ya Uganda ya Juni 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza vifaa vya elektroniki vilivyotumika, kompyuta zikiwemo, kwa hofu ya kugeuzwa jaa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: monita ya kioo ina kilo kadhaa za kioo chenye risasi, na hakuna anayeitaka ikishakufa. Kenya haikufunga mlango. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa taka za elektroniki mwaka 2010, na Computers for Schools ikazaa WEEE Centre ya kukusanya na kuchambua mabaki. Lakini monita nyingi za saiba hazikupelekwa huko. Zilienda zinakokwenda takataka zote za mitaa ambayo gari la taka haliingii.

Kulikuwa pia na majaribio ya kushusha bei ya kipya. Katika miaka ya mwisho ya 2000 vyuo vikuu vya Kenya vilishirikiana na wizara ya habari katika mradi wa Madaraka PC, kompyuta ya kuunganishwa nchini. Mwaka 2010 mpango wa Wezesha wa Bodi ya TEHAMA ya Kenya uliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu punguzo la dola 120 wanunue kompyuta mpakato mpya. Mpango huu wa pili ulikuwa na faida kwa waliobahatika, na huenda baadhi ya vyumba vya wanafunzi wa Highrise viliupokea. Madaraka PC haikuwahi kuwa kitu ambacho mwenye saiba angekiona dukani na kukilinganisha bei. Kisha mwaka 2013 Sheria mpya ya VAT ikarudisha ushuru wa asilimia 16 kwenye kompyuta, na mwaka huohuo ukaanza kutozwa ushuru wa reli wa asilimia 1.5 kwa bidhaa zinazoingia nchini. Kwa mkono mmoja serikali ilikuwa ikiwaahidi watoto wa darasa la kwanza kompyuta. Kwa mkono wa pili ilikuwa ikiongeza bei ya kila kompyuta dukani.

Wakati haya yakiendelea, jambo lililoamua swali lenyewe lilitokea kimyakimya ndani ya vipande vya silikoni. Kasi ya saa ya prosesa ilikwama. Wahandisi waligundua, kuanzia mwaka 2004 hivi, kwamba kuifinya transista hakupunguzi tena joto kwa uwiano uleule wa zamani. Wakiongeza kasi, kitu kinaungua. Wakageukia kuweka viini viwili, kisha vinne. Core 2 Duo ya 2006 na Core i5 ya kizazi cha pili ya Januari 2011 zilikuwa hatua kubwa kwelikweli. Baada ya hapo hatua zikawa fupi. Core i5-3470, iliyokuwa ndani ya OptiPlex 7010 za 2012, ina kasi ya msingi ya gigahezi 3.2, karibu sawa na Pentium 4 ya miaka kumi nyuma, ila kwa viini vinne vinavyofanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Intel ilianza kutengeneza prosesa za nanomita 14 mwaka 2014 na ilikuwa bado inatoa mpya za kipimo hicho kwa kompyuta za mezani mwaka 2021. Ushindani wa AMD na Ryzen zake za 2017 ulileta viini zaidi kwa bei ileile, lakini fomu ya kodi haina haja ya viini vinane.

Programu nazo zilipoa. Windows 7 ya 2009 ilitaja gigabaiti moja ya RAM kama kiwango cha chini, mbili kwa toleo la biti 64. Windows 10 ya 2015 ilitaja vilevile, neno kwa neno. Kiwango hicho ni cha karatasi tu, kama ajuavyo yeyote aliyefungua kivinjari chenye kurasa sita kwenye gigabaiti mbili, lakini mwelekeo ulikuwa wa kweli: mashine ya miaka sita haikuwa tena maiti. Kisha SSD, diski zisizozunguka, zikashuka bei. Diski ya zamani inayozunguka ndiyo iliyokuwa ikiichelewesha kompyuta ya ofisi, na kuibadilisha kwa SSD ya shilingi elfu tatu hivi kulifanya OptiPlex ya 2012 iwake ndani ya sekunde chache. Hakuna mteja wa saiba aliyeweza kutambua, kwa kutumia tu, kwamba hakuwa ameketi mbele ya mashine ya mwaka huo.

Huo ulikuwa wakati wa neema wa ex-UK, kuanzia mwaka 2014 hivi hadi 2021. Ofisi ya Uingereza ililipa bei ya upya, ikalipia na miaka ya dhamana, kisha ikaachia kitu ambacho bado kilikuwa na sehemu kubwa ya uwezo wake. Aliyenunua kipya Nairobi katika miaka hiyo kwa ajili ya kutaipu, kuchapisha na kujaza fomu alilipa mara tatu au nne kwa ajili ya harufu ya plastiki.

Na fomu zilikuja kweli. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa katikati ya 2009 ziliteremsha bei ya intaneti, na simu za mkononi zikaanza kuwanyang’anya saiba wateja wa barua pepe na Facebook. Ilidhaniwa saiba zingekufa. Zilizobaki zilikuwa zile zilizohama kutoka kuuza dakika hadi kuuza ujuzi wa fomu. Mamlaka ya Mapato ilileta iTax, eCitizen ikafunguliwa 2014, na huduma moja baada ya nyingine ikahamia mtandaoni: cheti cha tabia njema, pasipoti, leseni ya kuendesha gari, mkopo wa HELB, uchaguzi wa kozi za chuo kikuu. Mwananchi asiye na mapato yoyote lakini mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kufikia Juni 30. Katika wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Kibera na Kawangware huwa kaunta za serikali ambazo serikali haizilipi. Kinachokwamisha siku hiyo ni tovuti ya upande wa pili, na hakuna prosesa dukani inayoweza kuiharakisha.

Wapo ambao kipya kiliwafaa na kinawafaa bado, na ni haki kuwataja. Kijana anayehariri video za harusi na za muziki anahesabu saa za kusubiri, na kila saa inayopungua ni kazi nyingine anayoweza kuchukua. Mbunifu wa mabango, mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora kwa vipimo vitatu, mtengeneza muziki mwenye nyimbo za tabaka nyingi: hawa wanahitaji kadi ya michoro, RAM ya kutosha na viini vingi, na sanduku la ofisi ya zamani lina pawa saplai ndogo isiyokubali kuongezewa. Hata hivyo wengi wao hawakununua kompyuta mpya nzima. Walinunua mashine za kituo cha kazi, zile kubwa za HP na Dell zilizotolewa na kampuni za uhandisi Ulaya, wakatia kadi ya michoro iliyotumika. Mashirika yanayotegemea wafadhili yana sababu nyingine ya kununua kipya, ambayo ni ya kikaratasi zaidi: mkaguzi wa hesabu anataka risiti, nambari ya kifaa na dhamana ya miaka mitatu.

Upande mwingine wa mizani uko mfano wa Map Kibera. Ilipoanza mwishoni mwa 2009, vijana wa vijiji vya Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakirekodi vichochoro, vyoo, zahanati na mabomba ya maji, kisha wakaketi mbele ya kompyuta na kuvichora kwenye OpenStreetMap. Eneo ambalo ramani za umma zililionyesha karibu tupu lilijaa majina. Kazi hiyo ilihitaji miguu, uvumilivu na programu huria ambayo kompyuta ya kawaida inaimudu. Tunapanda Institute, iliyofundisha ubunifu wa tovuti na michoro Kibera na kusuka mtandao wake wa kuunganisha mashule na vituo vya vijana bila waya, nayo ilishika njia ya programu huria. Linux kwenye mashine kuukuu haitangazwi na mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayepata kamisheni.

Kawangware inatoa jibu lake kuhusu michezo. Huko nje, Ulaya na Marekani, anayelipa bei ya juu kabisa kwa kompyuta ya mezani mara nyingi ni mchezaji. Katika mitaa hii mchezaji alienda kwenye kibanda cha PlayStation, akalipia mechi kwa mechi, akacheza kandanda na jirani aliyeketi bega kwa bega naye. PlayStation 2 na 3 zilizotumika zilifanya kazi hiyo hadi vidole vikafuta alama kwenye vidhibiti. Kwa hivyo sehemu ya soko ambayo kwingine huibeba bei ya upya, hapa haikuzaliwa.

Kilichovuruga neema ya ex-UK ni Windows 11. Microsoft ilipoitoa Oktoba 5, 2021, iliweka masharti ambayo hayakuhusiana sana na nguvu: kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi, yaani za kuanzia mwisho wa 2017. OptiPlex 7010, 9020, EliteDesk 800 za kwanza, mashine zilizokuwa zikichapisha kurasa bila manung’uniko, zilijikuta nje ya orodha. Msaada wa Windows 10 ukakoma Oktoba 14, 2025, kukiwa na nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani. Kwa saiba hili si jambo dogo, kwani kompyuta hizo ndizo zinazopitisha nywila za iTax na picha za vitambulisho vya mtaa mzima, na foleni ya kubadilisha nywila zilizoibwa huwa hailipi mtu.

Hapa mwandishi wa makala haya angemshauri mwenye saiba atofautishe mambo mawili. Kompyuta isiyopata masasisho haifai kubeba siri za wateja, na hilo ni kweli hata kama inawaka kwa sekunde tano. Lakini dawa yake haipatikani kwa shilingi 70,000 peke yake. Ipo katika Linux, kwa kazi zote zinazofanyika ndani ya kivinjari, ambazo ndizo nyingi. Ipo pia katika OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4 na ThinkCentre M920 za 2018, ambazo tayari ziko Nairobi na zimeligawa soko mara mbili: kizazi cha nane kwenda juu, ambazo bei yake imesimama, na kizazi cha saba kwenda chini, ambazo wauzaji wanaziachia kwa bei ya kutupa. Njia ya tatu, ya fundi anayekwepa masharti na kuiweka Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyoruhusiwa, inafanya kazi, mpaka sasisho kubwa linalofuata.

Kipya nacho hakikukaa kikisubiri. Shilingi ilidhoofika hadi kupita 160 kwa dola Januari 2024 kabla ya kupata nafuu, na mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba. Kuanzia hapo anayenunua sanduku jipya analipia pia njaa ya vituo vya data vilivyo bara jingine. Wakati huohuo kompyuta ambazo ofisi za Ulaya zilinunua 2021, katika uhaba wa chipu uliofuata korona, zinamaliza mzunguko wao wa miaka mitano. Nyingi ni OptiPlex 7090 na ndugu zake, prosesa za kizazi cha 10 na 11, zote zinakubali Windows 11, na zilinunuliwa kwa bei ya juu na mtu mwingine.